Abiria na Mizigo Katika Treni Moja

Juma hili twataka kueleza jambo ambalo wazee waliosafiri kwa reli walilijua vizuri, lakini vijana wengi hawakupata kuliona: treni moja ibebayo watu na mizigo katika safari moja. Treni ya namna hiyo twaweza kuiita treni ya mchanganyiko. Mbele palikuwa na injini. Nyuma yake mabehewa ya mahindi, mbao au ng'ombe. Kisha mabehewa mawili matatu ya abiria. Na mwisho kabisa behewa la gadi. Katika matawi ya reli ya Kenya hilo lilikuwa jambo la kawaida. Miaka ya karibuni wahandisi wa reli katika nchi mbalimbali wamelirudia tena kwa namna mpya, wakitafuta treni inayoweza kugeuzwa kwa haja ya siku, leo watu wengi na mizigo michache, kesho kinyume chake. Yafaa tulichunguze jambo hili kwa makini, maana kwa mkulima na msafiri akaaye mbali na njia kuu, swali lenyewe ni kuwa na treni au kuikosa kabisa.

Kwanza tuulize kwa nini treni hizo zilianzishwa. Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mnamo Desemba 1901 ikafika ukingoni mwa Ziwa Victoria, mahali paitwapo Kisumu. Baada ya njia kuu yalifuata matawi. La Thika lilifunguliwa mwaka 1913 na baadaye likasogezwa hadi Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Jingine lilitoka Voi kuelekea Taveta na Moshi. Jingine Kisumu hadi Butere. Jingine Gilgil hadi mji ambao sasa waitwa Nyahururu. Njia kuu ilikuwa na mizigo ya kujaza treni nzima, na abiria wa kujaza treni nyingine. Matawi hayakuwa na bahati hiyo.

Tufanye hesabu ndogo, kama zile za shuleni. Tuseme pana tawi la reli lenye urefu wa kilomita 150. Kila siku wako abiria 100 wanaotaka kusafiri, na iko mizigo ya kujaza mabehewa 6. Injini yetu yaweza kuvuta mabehewa 20. Tukipeleka treni mbili, moja ya watu na moja ya mizigo, twahitaji injini mbili, madereva wawili na magadi wawili, na kila injini itakwenda na mzigo usiofika hata nusu ya nguvu zake. Tukiziunganisha, injini moja yatosha na nguvu zabaki. Nauli za abiria 100 peke yake haziwezi kulipa gharama za treni, wala malipo ya mabehewa 6 peke yake hayawezi; yakiwekwa pamoja huenda yakaweza. Hiyo ndiyo maana yote ya treni ya mchanganyiko, na hesabu hiyo haikubadilika tangu siku za injini za kuni hata siku za umeme.

Basi, kama hesabu ni nyepesi hivyo, kwa nini treni hizo zimetoweka karibu kila mahali? Ili tupate jibu, tuifuate treni yetu hadi stesheni ya kwanza.

Treni yasimama. Abiria wanashuka na wengine wanapanda, na kazi hiyo yamalizika kwa dakika tatu. Lakini behewa moja la mbolea limefika mahali pake na lazima liachwe. Tena liko behewa la viazi linalongoja kuchukuliwa. Gadi anakata viungo. Injini yaenda mbele pamoja na behewa la mbolea, yavuka pointi, yasimama. Pointi zageuzwa, injini yarudi nyuma katika njia ya kando, behewa la mbolea laachwa, la viazi lafungwa. Injini yatoka tena, pointi zageuzwa tena, mabehewa yaungwa, mipira ya breki yashikamanishwa, breki zajaribiwa. Hapo ndipo gadi awezapo kuinua bendera ya kijani. Dakika 30 zimekwisha. Muda huo wote mama mwenye mtoto mgongoni ameketi katika behewa la daraja la tatu, juani, akisikia vyuma vikigongana, na hajasogea hata hatua moja kuelekea kwao.

Kazi hiyo ikifanywa katika stesheni tano, saa mbili na nusu zimepotea. Safari ambayo ingekuwa ya saa tatu imekuwa ya saa tano na nusu. Gunia la mahindi halilalamiki likichelewa, lakini mtu hulalamika, kisha hutafuta njia nyingine. Alipotokea mwenye basi akasema, "Mimi nitakufikisha kwa saa tatu," abiria walihama. Walipohama, nauli zao zilihama nao. Yale mabehewa 6 ya mizigo yakabaki kuilipia injini peke yake, nayo hayakuweza; lori likaja likayachukua hayo pia. Katika nchi nyingi, si Kenya tu, mwisho wa habari ulikuwa majani kuota katikati ya reli.

Na hapa pana jambo la ajabu. Basi lenyewe lililowachukua abiria wale lilikuwa, na lingali hata sasa, gari la mchanganyiko. Msomaji aende stendi yoyote ya mabasi ya mashambani atazame: magunia ya viazi, vitanda, baiskeli, makapu ya kuku, vifurushi vilivyoandikwa majina, vyote juu ya keria, na abiria wamejaa chini. Hakuna asemaye kwamba watu na mizigo haviwezi kusafiri pamoja. Sababu yake ni kwamba utingo hupanda juu kushusha magunia wakati uleule abiria wanaposhuka mlangoni. Kazi mbili zafanyika kwa dakika zilezile. Katika treni ya zamani kazi hizo zilifuatana, moja ikingoja nyingine, na wote wawili, mtu na gunia, walilipia kungoja huko. Mhandisi atakaye kuirudisha treni ya mchanganyiko hana budi kutafuta utingo wake, yaani njia ya kushughulikia mzigo bila kumshika abiria.

Kabla ya kuona jinsi walivyomtafuta, lazima tuseme habari za breki, kwa kuwa katika jambo hilo vitu vinavyopotea si saa, ni roho za watu.

Tarehe 12 Juni 1889, karibu na mji wa Armagh katika nchi ya Ireland, treni iliyojaa watoto wa shule ya Jumapili pamoja na wazee wao ilishindwa kupanda mlima. Wenye treni wakaamua kuikata vipande viwili, ili injini ipeleke kipande cha mbele kwanza na kurudia cha nyuma. Kipande cha nyuma kiliachwa mlimani kikiwa kimezuiwa kwa breki ya mkono na mawe yaliyowekwa chini ya magurudumu. Injini ilipokuwa ikianza kuondoka, mabehewa ya mbele yalirudi nyuma kidogo tu, yakayasukuma yale yaliyoachwa. Mawe yakapondeka. Mabehewa yakateremka yenyewe kwa kasi izidiyo kuongezeka, yakagonga treni nyingine iliyokuwa ikipanda nyuma yake. Watu wapatao 80 walikufa. Mwaka uleule Bunge la Uingereza lilitoa sheria kwamba treni za abiria ziwe na breki inayofika katika kila behewa na kujifunga yenyewe treni ikikatika.

Mtu aweza kudhani kwamba hiyo ni habari ya kale, isiyotuhusu. Lakini tarehe 25 Mei 2002, mahali paitwapo Tenga katika nchi ya Msumbiji, treni ya mchanganyiko ilipata hitilafu. Mabehewa ya abiria yalitenganishwa na mabehewa ya mizigo, yakazuiwa kwa mawe. Yakaponyoka, yakateremka, yakagongana na yale ya mizigo. Watu karibu 200 walikufa. Kati ya misiba hiyo miwili ilipita miaka 113, na mawe ni yaleyale.

Tueleze basi breki ya hewa ifanyavyo kazi. Injini husukuma hewa katika bomba lipitalo chini ya treni yote, na chini ya kila behewa liko tangi dogo la hewa. Maadamu bomba limejaa, breki zimefunguka. Dereva akitoa hewa katika bomba, au bomba likikatika kwa bahati mbaya, hewa ya matangi yabana breki za kila behewa mara moja. Ni jambo la busara sana, kwa kuwa uharibifu wenyewe ndio usimamishao treni. Lakini breki hiyo ina kasoro moja ambayo kila mfanyakazi wa reli hufundishwa: behewa likikaa muda mrefu bila injini, hewa ya tangi huvuja polepole, na breki hulegea bila mtu kujua. Kwa hiyo behewa lililokatwa na kuachwa mahali penye mteremko lazima lifungwe kwa breki za mkono za kutosha.

Twaona sasa kwa nini mpangilio wa mabehewa si jambo la kuchagua ovyo. Zamani mabehewa mengi ya mizigo hayakuwa na bomba la breki. Ikiwa hayana, mabehewa ya abiria yapaswa kufungwa mbele, karibu na injini, ili bomba liyafikie, na mizigo ifuate nyuma pamoja na behewa lenye breki la gadi. Mizigo ikiwa na bomba zima kuanzia mwanzo hata mwisho, ndipo wenye reli wawezapo kuweka abiria mbele au nyuma kama ipasavyo. Treni haiwezi kuitwa ya kugeuzika mpaka kila behewa lake, hata lile la viazi, limepewa breki inayostahili kuaminiwa na watu.

Iko pia habari ya mwendo. Treni haiendi upesi kuliko behewa lake lililo zito na la polepole kuliko yote. Reli mpya ya Kenya, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Mombasa na Nairobi tarehe 31 Mei 2017 na mizigo mwanzoni mwa mwaka 2018, yaonyesha jambo hilo waziwazi. Njia yake yapata kilomita 472. Treni za abiria zilipangiwa mwendo wa kilomita 120 kwa saa, na za mizigo kilomita 80. Zikiungwa pamoja, abiria wote wangekwenda mwendo wa makontena. Tena njia hiyo ina makontena ya kutosha kutoka bandarini kujaza treni ndefu peke yake. Kuchanganya huko kungekuwa upuuzi, na hatudhani mtu yeyote mwenye akili angelipendekeza. Tunayoyasema hapa yahusu njia ndogo tu.

Mfano mzuri wa njia ndogo uko Uswisi, katika jimbo la Graubünden. Reli iitwayo Rhätische Bahn ilifungua safari zake za kwanza mwaka 1889, nayo ina upana wa mita moja, sawasawa na reli ya zamani ya Kenya. Urefu wake ni zaidi ya kilomita 380, na sehemu kubwa iko milimani. Njia yake ya Bernina hupanda hadi mita 2,253 juu ya bahari. (Watu wa Timboroa wasishangae sana, kwa kuwa reli ya mita moja hupita kwao penye mita zaidi ya 2,700.) Theluji nyingi na barabara nyembamba zenye kona kali hufanya malori yapate taabu huko, kwa hiyo watu wa mabonde yale hawakuiacha reli yao.

Katika njia ya Bernina treni za abiria hufungiwa mkiani mabehewa machache ya magogo au bidhaa. Treni za umeme zilizoanza kazi huko mwaka 2010 ziliundwa zikiwa na nguvu za ziada, ziweze kuvuta mabehewa mengine zaidi ya yale ya kwao wenyewe. Na angalia jinsi wanavyookoa dakika. Mabehewa ya mizigo hufungwa mwishoni, ili kuyaacha iwe kazi ya kukata kiungo kimoja tu. Hawaokoti mzigo kila stesheni. Hutumia stesheni chache zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Na bidhaa za maduka, kwa mfano zile za chama cha ushirika kiitwacho Coop, husafiri katika masanduku makubwa yanayoweza kutolewa juu ya behewa na kuwekwa juu ya lori, wala hakuna mtu wa kushusha boksi mojamoja huku abiria wakingoja. Mizigo mingi mno ina treni zake yenyewe.

Mfano wa namna nyingine uko Mauritania. Tangu mwaka 1963 treni ndefu sana, mara nyingine zaidi ya kilomita 2, huchukua mawe ya chuma kutoka Zouérat jangwani hadi bandari ya Nouadhibou, mwendo wa kilomita 704. Kwa miaka mingi behewa la abiria lilifungwa mkiani mwa treni hizo, na watu wengine walipanda juu ya mawe yenyewe, katika vumbi na baridi ya usiku. Hatuwezi kuisifu safari hiyo kwa raha. Lakini jambo moja lastahili kukumbukwa: mzigo ni wa namna moja, wapakiwa mwanzo na kupakuliwa mwisho, na kwa hiyo hakuna kukata mabehewa njiani.

Wajerumani walijaribu njia nyingine katika miaka ya 1990. Waliunda treni fupi ya mizigo iitwayo CargoSprinter, yenye injini zake yenyewe na chumba cha dereva kila upande, kama treni ya abiria. Ilibeba makontena kwa mwendo wa hadi kilomita 120 kwa saa, na treni kadhaa ziliweza kuungwa zikaenda pamoja, kisha zikaachana njiani kila moja ikashika njia yake. Kazi yake huko Ujerumani haikudumu miaka mingi, ingawa fikra yenyewe ilikuwa njema: treni ya mizigo yenye mwendo na breki kama za abiria yaweza kusafiri nayo bila kuichelewesha. Ugumu mmoja wa Ulaya umekuwa viungo vya mabehewa ya mizigo, ambavyo kwa miaka zaidi ya mia vimefungwa kwa mikono ya mtu aliyeinama kati ya mabehewa mawili. Uswisi ilianza kutumia viungo vya kujifunga vyenyewe katika sehemu ya treni zake za mizigo mwaka 2019, na nchi nyingine za Ulaya zikaanza majaribio ya kiungo kinachounga bomba la hewa na waya za umeme kwa pamoja. Hapo zile dakika 30 zaweza kuwa chache sana.

Wajapani, kwa upande wao, waliepuka viungo kabisa. Mwaka 2017 reli ndogo ya Hokuetsu Express ilianza kuchukua vifurushi vya kampuni ya Sagawa Express ndani ya treni za abiria. Vifurushi hutiwa katika vizimba vyenye magurudumu, ambavyo husukumwa ndani kupitia mlangoni na kufungwa mahali pake. Hapa ndipo tumwonapo yule utingo wetu waziwazi. Kizimba chaingia kwa dakika zilezile ambazo abiria wanapanda, na treni haijui tofauti.

Je, haya yatufaa nini Kenya? Treni ya abiria ya Nairobi hadi Nanyuki ilirudishwa mwezi Desemba 2020, na ya Kisumu katika Desemba 2021, zote kwa reli ile ya zamani ya mita moja. Nchi zipitwapo na njia hizo ni nchi za viazi, kabeji, maziwa, maua, mahindi na miwa. Kwa maoni yetu, jambo la kuanzia si lile la Uswisi bali ni lile la Japani, kwa kuwa halihitaji injini mpya wala pointi nyingi: behewa moja tu la vifurushi lenye mlango mpana, sakafu iliyo sawa na jukwaa la stesheni, na breki sawa na za abiria. Bidhaa za kwanza ziwe zile ambazo uzito wake ni mdogo na haraka yake ni kubwa, kama maziwa, mboga, vifaranga, dawa na vipuri vya mashine. Saruji, mbolea na chuma vingoje treni ya mizigo. Petroli isikaribie kabisa behewa la watu.

Lipo pia swali la malipo, nalo huleta ugomvi kuliko breki na viungo. Treni ikichelewa dakika 20 kwa ajili ya maziwa, ni nani alipaye? Wenye reli wakiandika gharama zote za injini katika hesabu ya abiria, mizigo itaonekana ni faida tupu, nao wataipendelea mpaka abiria wachoke waondoke. Wakiziandika zote katika hesabu ya mizigo, bei itakuwa kubwa na mkulima atarudi kwa lori. Uamuzi ulio salama ni kuiweka ratiba ya abiria kuwa bwana: dakika za kusimama zihesabiwe mapema, na mzigo usiokuwa tayari saa yake ungoje treni ya kesho.

Kwa hiyo chama cha wakulima kitakacho kupeleka mboga zake kwa treni kisianze kwa kuuliza nauli. Waende kwanza stesheni yao watazame. Je, jukwaa liko juu kiasi cha kusukuma mkokoteni hadi mlangoni mwa behewa, au gunia lazima liinuliwe kwa mabega? Pana kivuli cha kuwekea maziwa saa za mchana? Barabara ya kufika hapo hupitika siku za mvua? Tena wachukue saa, waihesabu treni ya abiria isimamapo: ikiwa ni dakika tano, wajaribu wenyewe kuona ni magunia mangapi watu wanne wawezayo kuingiza kwa dakika hizo tano, na hesabu hiyo ndiyo waende nayo kwa wenye reli.